Muziki wenye ujumbe, ujumbe wa nani?

Wadau, nimekuwa adimu, najua, na baadhi yenu mlishaanza kunisema. Nimerudi na dukuduku.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Sinza kwenye harusi ya mtu tuliyesoma naye chuo. Mambo yalikwenda vizuri, keki ikakatwa, zawadi zikatolewa, kamati ikaanza kujipongeza kwa vinywaji. Dijei akaweka singeli. Weee! Ukumbi mzima ukainuka, mama wa bwana harusi mbele, wapishi nao wakatoka jikoni na miiko mkononi. Meza iliyobaki imekaa ni moja tu, ya kwetu sisi tunaojiita wasomi. Mshikaji mmoja mwenye shahada mbili na kazi ya kiyoyozi akanisogezea kiti, akakunja uso kama mtu aliyelambishwa shubiri, akasema: "Mimi nasikiliza muziki wenye ujumbe."

Nikacheka mpaka akanuna. Lakini sikumcheka yeye. Ile sentensi ni yangu! Niliiandika mimi mwenyewe, neno kwa neno, gazetini, mwanzoni mwa 2024, na mwaka mzima uliofuata nimekuwa nahangaika kuifuta. Pale ukumbini kelele zilikuwa nyingi, nisingeweza kumweleza akaelewa. Basi namweleza hapa. Najua atasoma.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Mimi ni mtoto wa hip hop. Nimezaliwa Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1990, na kaka yangu mkubwa alikuwa na kaseti ya Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay, ile iliyotoka 2001. Aliipiga mpaka utepe ukaanza kulia kama paka. "Ndio Mzee" niliijua kabla sijaanza shule. Nilipokua nikaelewa kwamba wimbo ule unamkejeli mwanasiasa anayeahidi kila kitu huku watu wanaitikia tu, nikajiona nimepata dini. Tukaongeza Sugu, ambaye enzi hizo alijiita Mr. II. Tukaongeza Fid Q wa Mwanza. Chuoni kila usiku hosteli ilikuwa ligi: nani ana mistari, nani anabahatisha vina. Tulibishana mpaka walinzi wanakuja kutuuliza kuna nini. Sugu aliingia bungeni 2010, Profesa Jay akaingia 2015 kwa jimbo la Mikumi, mkoani kwetu kabisa, nasi tukatamba: mnaona? Huu ndio muziki, mengine makelele.

Hilo la kuipenda hip hop sirudi nyuma. Ndiyo iliyonifanya nitake kuwa mwandishi wa habari. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya "Wapo". Aprili yake Roma Mkatoliki akachukuliwa studio na watu wasiojulikana, akaonekana siku kadhaa baadaye ana majeraha. Mimi kijana nisiye na ndevu nikajiambia, kumbe maneno yanaogopwa kiasi hiki, basi na mimi nitafanya kazi ya maneno. Ninachosema ni kwamba pamoja na hayo yote mazuri, nilibeba humo humo na dharau. Nilijifunza kwamba kuna watu wanaosikiliza na kuna watu wanaochezacheza tu, na mimi ni wa kundi la kwanza. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiongeza mwenyewe.

Sasa twende Januari 2024. Gazeti ninaloandikia (silitaji, na mnaolijua nyamazeni) lilikuwa limekaa miezi mitatu halijatulipa. Chumba changu cha Sinza kodi ikaisha. Nikafungasha godoro, jiko la gesi na vitabu vyangu, nikahamia uswahilini, mtaa mmoja si mbali na Mburahati. Chumba kimoja, choo cha nje, elfu arobaini kwa mwezi, nikalipa miezi mitatu badala ya sita baada ya kumlilia sana mama mwenye nyumba. Usiku wa tatu, ijumaa, saa nne na nusu, kitanda kikaanza kutetemeka.

Kigodoro, ndugu zangu. Hatua kama thelathini kutoka dirishani kwangu. Spika zimepangwa juu ya spika, nyingine ndefu kuniliko, na kitu kinatoka humo ambacho niliapa si muziki. Mapigo yanakimbia kama cherehani iliyopandwa na shetani, na juu yake kijana anaongea bila kupumua. Mpaka saa kumi alfajiri. Asubuhi nikaenda kazini macho mekundu, nikaketi, nikaandika makala ya maneno mia tisa kwa saa moja. Sijawahi kuandika haraka vile. Kelele zinazojiita muziki, kizazi kisicho na ujumbe, wahuni, bangi, mamlaka ziko wapi. Vyote nilivitia. Mhariri akaipenda, haikukatwa hata sentensi. Ikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, wazee wakaniombea dua, mwalimu wangu wa sekondari akanipigia simu kunipongeza. Kwa mara ya kwanza nikaonja umaarufu.

Wiki mbili baadaye mgambo wakaja na gari, wakazipakia zile spika.

Mwenye spika ni kijana mdogo, tumwite dogo maana kila mtu mtaani anamwita hivyo. Mchana anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu, usiku anakodisha maspika kwenye harusi, misiba na vigodoro. Alizinunua moja moja kwa miaka minne. Mtaa mzima ulishajua kwamba yule mpangaji mpya mwenye miwani ndiye "aliyeandika". Nikajifungia ndani siku mbili nikisubiri kupigwa. Dogo akaja siku ya tatu, akagonga kwa adabu, akakaa kwenye ndoo. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Braza, ulishawahi kuja pale ukasikiliza?"

Sikuwahi. Hatua thelathini, wadau! Nina shahada ya uandishi wa habari, nimekariri wote wale nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi, halafu nimeandika maneno mia tisa kuhusu watu walioko nje ya dirisha langu bila kumuuliza hata mmoja jina lake. Ningekuwa nimefanya hivyo kwa waziri ningefukuzwa kazi. Nimefanya kwa uswahilini, nikapongezwa.

Basi ijumaa iliyofuata, kwa spika za kuazima, nikaenda. Nilikaa kwenye kibaraza kama mkaguzi. Saa ya kwanza sikuelewa kitu, kweli, masikio yangu yalikuwa yamezoea mtu anayechana taratibu ili nipige mstari chini ya sentensi. Saa ya pili nikaanza kukamata maneno. Yule MC alikuwa anataja majina ya waliokuwepo na anatuzwa mia tano, elfu. Katikati ya kutaja majina akaingiza kwamba fulani kahamishiwa vitu nje, kwamba jirani fulani kakimbia mji kwa sababu ya kausha damu, na kwamba anayedaiwa elfu hamsini sasa anadaiwa laki moja na ishirini na wamechukua mpaka jiko. Watu wakaitikia kwa kelele. Mimi nikatoa simu nikaanza kuandika.

Ile habari ya mikopo ya kausha damu niliyoandika mwezi wa tano, ambayo wengine wenu mlinitumia salamu, ilitoka pale. Wanawake niliowahoji nilielekezwa na watu wa pale. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ambayo siionei aibu. Ilikuwa imepigwa hadharani kwa spika nane kila wiki, na sisi waandishi wa jiji zima tulikuwa tumelala na mito masikioni.

Wengine mtasema, basi si umepata ujumbe humo? Hapana, ndiko nisikotaka mwende. Yule kijana hakuwa anatoa ujumbe kwa mtu. Alikuwa anawaambia wenzake mambo yao, kwa mwendo wao, ili wacheke na wacheze nayo. Ujumbe ni kitu kinachotoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua. Sisi tuliosoma tunaupenda kwa sababu kwenye mpango huo siku zote tunajiweka upande wa anayejua.

Hebu tuulize neno lenyewe limetoka wapi. Bendi nyingi za dansi tunazozisifu leo zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 na leo ni Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, Sikinde hao, walianza 1978 na baadaye wakawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Urafiki Jazz walikuwa wa kiwanda cha nguo. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Kurekodi ni Radio Tanzania, na maneno ya wimbo yalikaguliwa kwanza. Humo zilitoka nyimbo ambazo zitaishi kuliko sisi, sibishi, lakini pia humo ndimo tulimozoea kwamba wimbo mzuri ni ule unaofundisha, kuonya na kuhamasisha. Usiofundisha ni wa kihuni. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, mwaka ule ule wa Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, ya kuwawinda wenye sketi fupi na suruali za kubana. Februari 2018 TCRA ikatoa orodha ya nyimbo 13 zisipigwe, na za Diamond zikiwemo. Kati ya hapo imepita karibu nusu karne, na lugha ni ile ile ya maadili.

Na kama mnadhani waliokuwa wanatafuta ujumbe waliutambua ulipokuja, mfikirieni marehemu Remmy Ongala. Mtu wa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila, na leo kuna kituo cha daladala Sinza kinaitwa kwa Remmy. UKIMWI unamaliza watu, yeye akatunga "Mambo kwa Soksi", akawaambia watu waziwazi wavae kondomu. Radio Tanzania ikaukataa. Wimbo wenye ujumbe kuliko wote wa wakati wake, ujumbe wa kuokoa roho za watu, ukaambiwa hauna adabu! Watu waliusikia kwenye kumbi na kaseti. Sasa mshikaji wangu wa shahada mbili aniambie, siku ile angekuwa redioni, angekuwa upande gani?

Turudi kwangu. Pasaka nilikwenda nyumbani Morogoro. Baba yangu ni mstaafu na maisha yake yamegawanyika sehemu mbili: kabla na baada ya Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Mzee ana redio kubwa ya zamani na kaseti za Morogoro Jazz ambazo haruhusu mtu aguse. Kwake yeye Bongo Fleva yote, pamoja na huyo Profesa Jay wangu, ni muziki wa wahuni. Nimekulia kwenye ugomvi huo. Safari hii nikamchokoza, nikamwambia, baba, ninakoishi kuna vijana ukiwasikia utaona Profesa Jay ni sheikh. Akaanza hotuba yake. Bibi, mama yake, alikuwa ukumbini anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Babu yako alimfungia huyu nje usiku kucha kwa sababu ya huyo Mbaraka wake. Alikuwa anasema magitaa ya wahuni. Mwenyewe alikuwa mtu wa Salum Abdallah." Baba akanyamaza kama mtoto. Mimi nilicheka mpaka bibi akanipiga na ungo.

Salum Abdallah wa Cuban Marimba, kwa msiomjua, naye ni wa Morogoro hiyo hiyo, naye alikufa kwa ajali ya gari, 1965. Mji wetu una bahati mbaya na wanamuziki na magari.

Usiku baba akaniita barazani. Kaseti inapiga, taratibu, gitaa la Mbaraka lile linaloongea kama mtu aliyekaa karibu yako. Yeye anatazama barabara, mimi natazama barabara. Halafu bila kugeuka akauliza: "Wamekulipa?" Miezi yote nilikuwa namdanganya kwenye simu kwamba mambo safi. Pale nikashindwa. Nikasema hapana, baba, tangu Oktoba. Hakusema kitu mpaka upande wa kaseti ukaisha. Asubuhi nikakuta elfu hamsini ndani ya kiatu changu. Kama ningeulizwa mchana, mezani, ningedanganya tena. Sijui niite nini kitu kilichofanya nisidanganye, lakini hakikuwa kwenye maneno ya wimbo, maana hata sikuyasikiliza.

Nikarudi mjini kwenye mtihani wa tatu, mama mwenye nyumba. Huyu ni mtu wa Pangani na yeye ni taarab tu. Kuanzia Shakila, Mungu amrehemu, aliyefariki 2016, mpaka Khadija Kopa na Jahazi. Kodi yangu iliisha mwezi wa nne. Asingenigongea hata siku moja. Alichofanya, kila nikirudi jioni, redio inahamishwa kutoka chumbani kuletwa dirishani upande wangu, na inapigwa nyimbo moja baada ya nyingine za watu wasio na haya, watu wanaokula vya watu, watu wa maneno mengi mfuko mtupu. Halafu ananisalimia kwa tabasamu: "Umeshindaje, mwanangu?" Nzuri, mama, shikamoo. "Marahaba. Pole na kazi." Na kwenye neno kazi sauti ya redio inaongezwa kidogo. Teh teh teh! Ukitaka kujua mateso, usipigwe, pigiwa taarab.

Nilikuwa naidharau taarab kuliko hata singeli. Umbea wenye vinanda, ndivyo nilivyokuwa naiita. Lakini mtu ukipigwa mkuki kila jioni unaanza kuvutiwa na mkuki wenyewe. Nikarudi kusoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kitabu nilichokipita shuleni kwa ajili ya mtihani. Nikatafuta zaidi. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, mtoto wa watu wa ukoo wa utumwa, muuza vyungu. Waungwana walimkejeli hadharani kwa asili yake. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa lugha yetu hii. Na katika nyimbo zake kuna ule wa Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni aliyetoka bara. Muuaji akatorokea ng'ambo. Wanawake waliomkaribisha marehemu, waliokwenda mahakamani kueleza, ndio wakafungwa. Siti akaimba kesi nzima, na hukumu yenyewe akaisema.

Hiyo ni habari ya mahakamani, wadau! Imeandikwa na mwanamke ambaye hakupelekwa shule, chini ya utawala wa Waingereza, na bado tunaijadili. Ni mahabusu wangapi nimewaandika mimi kwa mtindo wa "mahakama imeelezwa" ambao leo hata mimi siwakumbuki? Tuna kisingizio, ni kweli. Mwaka 2017 peke yake Mawio, Mwanahalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yote yalifungiwa, na woga ule tuliokuja baadaye tuliukuta umekaa kwenye viti vya ofisi. Lakini Siti naye hakuwa na wakili. Alikuwa na watu walioijua lugha ya kusemea, na yeye akaitumia ipasavyo. Mama mwenye nyumba wangu anaijua lugha hiyo hiyo. Nilipomlipa, mwezi wa sita, redio ikarudi chumbani, na mpaka leo hatujawahi kutamkiana neno kodi.

Sasa najua mtanijibu nini, kwa hiyo nijijibu mwenyewe. Mtasema singeli ina matusi. Ina. Kuna usiku nimeondoka kwa sababu ya maneno yaliyokuwa yanasemwa kuhusu wanawake, na dada zenu wanacheza. Mtasema kwenye vigodoro kuna watoto saa nane za usiku. Wapo, na ni vibaya, na siku moja nilimwambia dogo akazima akamwita mzazi. Mtasema kuna wagonjwa na wanafunzi wa mitihani. Sawasawa, wekeni saa, wekeni kiwango cha sauti, nitawaunga mkono kwa mikono miwili, maana na mimi nalala pale. Lakini baa za watu wenye pesa nazo zimewahi kufungiwa kwa kelele, na sijasikia hata mtu mmoja akisema muziki uliokuwa unapigwa humo ndani ni wa wahuni. Huko kosa ni kelele. Kwetu kosa ni sisi.

Jambo lingine linaloniuma ni kwamba wageni walitangulia. Singeli imetoka kwenye mchiriku, ule wa miaka ya 1990 wa vinanda vidogo vya Casio, ngoma na kipaza sauti cha mkononi, ambao redio hazikuutaka kabisa. Jagwa Music walikuja kutolewa albamu na kampuni ya Ubelgiji, Bongo Hotheads, 2012. Vijana waliofuata wakaingiza vipande vya mchiriku na taarab kwenye kompyuta, wakavikimbiza mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Mburahati, na baada ya hapo wakina Sisso na Jay Mitta wakawa wanachezesha watu Ulaya. Mburahati! Nauli ya daladala moja kutoka kwenye vyumba vyetu vya habari. Nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba Wazungu wanausifu huu muziki, wawili walibadili msimamo hapo hapo. Hilo nalo lilinikera. Mimi sitaki mtu aniambie singeli ni nzuri kwa sababu imechezwa Berlin. Nenda Mburahati.

Hip hop bado naisikiliza, tena zaidi. Tofauti ni kwamba siku hizi nikimsikia mtu anasema nasikiliza muziki wenye ujumbe, namuuliza ujumbe wa mwisho aliopokea ni upi na aliufanyia nini. Mshikaji wangu wa harusini nilimuuliza. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Basi, wewe umeharibika."

Kuhusu zile spika. Tulikwenda mimi na dogo kuzifuata, mara nne, kwa kuandikiwa karatasi na kupelekwa meza hii na ile. Zilitoka Agosti baada ya faini. Moja ilikuwa imechanika. Niliandika makala nyingine, fupi kuliko ile ya kwanza, kusema kwamba ile ya Januari niliiandika bila kumuuliza mtu na kwamba nilikosea. Mhariri akaisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema gazeti haliombi radhi kwa maspika. Nimekaa nayo tangu wakati ule. Basi ndiyo hii mnayoisoma, nimeirefusha tu. Dogo, samahani. Nilikwishakuambia kwa mdomo, lakini ile nyingine ilisomwa na watu wengi.

Ijumaa hii kuna kigodoro kwa mama mmoja anayetoa mwanawe jandoni. Dogo anasema ile spika iliyochanika bado inakoroma na fundi wa Kariakoo anataka elfu arobaini. Nimemwahidi nusu yake. Nikilipwa.